Jicho la Miaka Thelathini

Ipo nchi moja ambayo wachora ramani waliiruka, si kwa ubaya, ila walipofika kuuliza mipaka walikuta wenye nchi wako kikaoni. Wakangoja siku tatu, wakanywa chai, wakaondoka. Nchi hiyo inaitwa Heriyetu. Watu wake ni wakarimu, hawana haraka, na wana wizara arobaini na moja. Ya arobaini na moja ndiyo Wizara ya Anga na Matumaini, na ndani ya wizara hiyo, mwisho kabisa wa ukumbi wa chini, ukishapita choo cha wageni mashuhuri, ndiko alikokuwa akifanya kazi mwanamke mmoja jina lake Nyamizi Kasoga.

Kazi ya Nyamizi ilikuwa kusema vitu vitakufa lini.

Si watu, watu walikuwa na wizara yao. Yeye alikuwa wa vifaa: taa ndogo ndogo za mitambo, vioo vinavyohisi mwanga, vidude vya kugeuza mwanga kuwa umeme na umeme kuwa mwanga. Alikuwa ameisomea kazi hiyo miezi kumi na moja katika nchi ya baridi, akarudi na koti zito na ujuzi. Koti lilikosa kazi siku hiyo hiyo. Ujuzi nao ulikuwa unaelekea huko huko.

Bwana Sinani, mtunza stoo, mzee mwenye ulimi mwepesi, alikuwa akimlaki kila asubuhi kwa utani ule ule.

"Malaika mtoa roho kaingia kazini."

"Shikamoo, Bwana Sinani."

"Marahaba. Leo unamuua nani?"

"Simuui mtu. Nawasha oveni tu."

"Na yule mwenyewe ndivyo anavyosema. Nimepita tu, nawasha oveni."

Mwaka ule Heriyetu iliamua kwenda angani. Sababu ilikuwa nzito: nchi jirani ilikuwa imezungumzia kwenda. Basi ikaundwa roketi, ikaitwa Mpasuambingu, ikasimamishwa katikati ya uwanja wa mpira wa taifa, na ligi ikahamishiwa mwaka unaofuata. Wa kuipanda alikuwa Kapteni Malugu, kijana wa miaka thelathini na moja, mrefu, mwenye mwanya, aliyechaguliwa baada ya mchujo mkali kwa sababu ndiye pekee katika jeshi la anga aliyekuwa amewahi kupanda ndege zaidi ya mara moja. Angekuwa Mheriyetu wa kwanza kwenda juu ya mawingu bila kupitia makaburini.

Roketi ile haikuwa na dirisha la mbele. Ilikuwa na jicho. Jicho lenyewe dogo kuliko punje ya mahindi, limebandikwa chini ya tumbo, kazi yake kupokea mwanga unaorudi kutoka ardhini na kuugeuza umeme, ili roketi ijue ardhi iko umbali gani na ifungue miavuli yake kwa wakati. Jicho likiona, kapteni anashuka taratibu kama unyoya. Jicho likipofuka, roketi itaendelea kuamini iko mbinguni hadi itakapokutana na shamba la mtu.

Kwa hiyo mtu fulani alitakiwa kusema jicho litaona kwa muda gani. Mtu huyo alikuwa Nyamizi, na sheria ilisema wazi kwamba bila cheti chenye saini ya mpimaji, roketi hairuki.

Kabla hajaanza kupima, akapitiwa na Mkurugenzi wake, Dakta Rweyunga. Udaktari wake ulikuwa wa heshima, alitunukiwa na chuo ambacho baadaye kiligeuka kuwa duka la samani. Alikuwa mtu mpole, mwenye tumbo la kusikiliza. Mkononi alikuwa na kifurushi.

"Nyamizi, mdogo wangu, nimekuletea zawadi."

Akafungua. Ilikuwa doti ya khanga, nyekundu, yenye picha ya roketi pande zote nne, na katikati maandishi: JICHO LA HERIYETU LITAONA MIAKA THELATHINI.

"Nzuri, Mkurugenzi. Lakini hatujapima."

"Ndiyo maana nimekuja mapema. Usije ukapima ukapata tofauti, ukajisikia vibaya."

"Hii thelathini imetoka wapi?"

"Imetoka kiwandani, mdogo wangu. Doti elfu sitini. Kofia bado zinakuja." Akamgusa bega kwa huruma. "Wewe ni mtaalamu. Tafuta njia ya kuifikia."

*

Hapa yafaa nieleze desturi moja ya Heriyetu, maana bila hiyo mgeni atapotea.

Katika Heriyetu hakuna jambo linalokwenda bila wadhamini wawili. Ukitaka kupanga chumba, wadhamini wawili. Ukitaka kuruhusiwa hospitali umeshapona, wadhamini wawili, wasije wakasema ulitoroka na afya ya serikali. Hata kwaya ya kanisa kuu haimpokei mwimbaji wa sauti ya tatu mpaka aje na barua ya mjumbe wa nyumba kumi na picha mbili za pasipoti. Desturi hii imewasaidia sana, kwa kuwa jambo likiharibika hakuna anayeuliza limeharibikaje. Wanauliza: nani alidhamini?

Sasa macho ya roketi yalipofika, ishirini na moja katika mfuko mmoja wa plastiki, yaliyoletwa na shemeji yake Waziri ambaye kwa kawaida huuza vifaa vya kufungulia mageti, ofisi ya masijala ilikataa kuyapokea. Hayakuwa na wadhamini. Na fomu ya kudhamini vifaa haikuwapo. Karani mmoja mchapakazi, asiyependa kuona kazi ya taifa inakwama, akakimbia mahakama ya mwanzo iliyo ng'ambo ya barabara, akaazima fomu ya kumdhamini mshitakiwa, akaipiga fotokopi, na kila palipoandikwa "mshitakiwa" akaandika "kifaa". Akaipa namba: UD/7.

Hakuna aliyeisoma. Mheriyetu hasomi fomu, anatafuta pa kusaini.

Macho ishirini yalikuwa ya kufia kwenye majaribio, kwa hiyo yalidhaminiwa na watu wa kawaida. Jicho namba tisa, kwa mfano, lilidhaminiwa na mpishi wa kantini na fundi cherehani wa Wizara. Jicho namba ishirini na moja ndilo la kupandishwa kwenye roketi. Ikasemekana kuwa wadhamini wake watachongwa majina kwenye bamba la shaba. Walijitokeza watu mia na arobaini siku ya kwanza. Mwishowe heshima hiyo ikawaangukia wawili waliostahili kuliko wote: Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Chambuso, na Dakta Rweyunga. Walisaini mbele ya kamera. Waziri alisaini mara mbili, ya pili kwa ajili ya kamera iliyochelewa.

*

Upimaji wenyewe si uchawi. Ukitaka kujua kitu kitaishi miaka mingapi, na huna miaka hiyo ya kungoja, unakitesa. Unakitia kwenye oveni ya nyuzi mia na ishirini na tano, unakitikisa, unakiangazia, na kila baada ya saa kadhaa unapima kimebakiwa na uwezo kiasi gani wa kuona. Wiki ndani ya oveni ni sawa na miaka nje yake. Hata mlezi wa watoto pacha watukutu anaijua hesabu hiyo.

Nyamizi akayatia macho ishirini kwenye oveni iliyokuwa stoo, akafunga mlango, akawasha mashine ya kuchora grafu, akangoja.

Baada ya wiki tatu majibu yalikuwa ya ajabu. Hakuna jicho lililopofuka. Hakuna hata lililofifia. Kwa hesabu ya kitabu, macho ya shemeji wa Waziri yangeona kwa miaka thelathini na moja na miezi minne.

Dakta Rweyunga alicheka mpaka miwani ikamtoka. "Unaona? Na mwaka mmoja wa ziada! Tuwaambie wa kiwandani?"

Lakini Nyamizi hakucheka. Alikuwa ameshapima vifaa vya watu wakubwa huko baridini, vifaa vilivyolelewa kama yai, na havikufika hata nusu ya hapo. Akaikunjua karatasi ya grafu sakafuni, mita sita, akaitembelea kwa magoti.

Mstari wa joto ulikuwa mnyoofu usiku kucha. Ikifika saa nne asubuhi unaporomoka hadi nyuzi sitini, unakaa huko huko chini hadi saa tisa alasiri, halafu unapanda tena. Kila siku ya kazi. Jumamosi na Jumapili haukuporomoka. Siku ya Mashujaa haukuporomoka.

Kesho yake saa nne kasorobo akajificha nyuma ya kabati la mafaili. Saa nne kamili akaingia Bwana Sinani na sinia, nyuma yake masijala yote.

"Shusha joto, shusha joto," Sinani alikuwa akimwelekeza mwenzake. "Kwa mia na ishirini na tano muhogo unaungua. Sitini ndiyo sawa yake. Hayo macho yasogeze, weka kachumbari hapo."

Nyamizi akatoka. "Bwana Sinani!"

Mzee hakushtuka hata kidogo. "Aa, mama wa roho. Karibu muhogo. Bado wa moto."

"Mnashusha joto halafu mnasahau kulirudisha!"

"Hatusahau. Saa tisa tunakumbuka, tunapoosha sinia. Wewe ulidhani oveni ya serikali inafanya kazi mchana mzima kwa ajili ya vidude ishirini? Hata sisi hatufanyi."

Nyamizi akanunua kufuli. Kufuli lile lilizua kikao cha dharura cha wafanyakazi, na ajenda iliyoitwa "Kuporomoka kwa Mshikamano Mahali pa Kazi". Msemaji wa masijala alitoa machozi. Ikaamuliwa Nyamizi aombe radhi, naye akaomba, ila ufunguo akauvaa shingoni.

Macho yakaanza kufa siku ya pili. Lilitangulia namba nne, likafuata namba kumi na sita. Kwa utaratibu wa udhamini, kila jicho likipofuka wadhamini wake waliitwa kuandika maelezo. Mpishi wa kantini aliandika kurasa mbili kuhusu jicho namba tisa, akisema alilifahamu kwa muda mfupi, alilikuta na tabia njema, na kwamba hajui lilianza lini kushirikiana na makundi mabaya.

Nyamizi alirudia hesabu mara tatu, kwa joto na mtikisiko wa safari moja tu, kwenda na kurudi. Achana na miaka. Safari moja. Alipomaliza aliandika namba kwenye kadi ndogo, akaitazama hadi chai ikapoa.

Saba katika ishirini. Katika kila macho ishirini ya mfuko ule, saba yangepofuka kabla roketi haijarudi ardhini.

*

"Namba ni kama mgeni," alisema Dakta Rweyunga, akiisukuma ile kadi kwa kidole kimoja kama kitu chenye mafuta. "Ukiipokea vibaya inabaki mbaya. Hizi saba, umezipokea vipi?"

"Zimekufa, Mkurugenzi. Nimezipokea zikiwa zimekufa."

"Na zile kumi na tatu?"

"Zinaona. Kidogo."

"Basi kwa nini tusiandike hizo? Wewe mbona unapenda marehemu hivi?"

"Kwa sababu atakayepanda ni mmoja, na atapanda na jicho moja. Hatajua ni la upande upi."

Dakta akakuna kidevu. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchosha Nyamizi zaidi, maana mtu mbaya unaweza kumchukia ukalala. Siku ya Alhamisi Dakta akaitisha Kamati ya Kitaifa ya Uimara wa Vifaa, wajumbe kumi na watano, ili suala liamuliwe kisayansi. Wakapiga kura. Miaka thelathini ilipata kura kumi na nne. Saba katika ishirini ilipata moja. Katibu akamkumbusha Nyamizi kwa upole kwamba kwa mujibu wa kanuni, sasa na yeye anaamini miaka thelathini.

"Na nisiposaini cheti?"

Hapo Dakta alitoa barua bahashani, akaiweka mezani bila furaha. Ilimteua Bwana Sinani kuwa Kaimu Mpimaji, kuanzia saa ile Nyamizi atakapokataa.

"Amekubali?" Nyamizi akauliza.

"Ameuliza tu kama cheo kinakuja na ufunguo."

*

Jumamosi jioni Kapteni Malugu alikuja maabara peke yake, bila sare, na fulana ya timu yake. Alikaa juu ya kasha, akazungusha kofia mkononi.

"Dada Nyamizi, shikamoo."

"Marahaba, kapteni. Mbona unanizeesha?"

"Ukienda kuomba jambo unaamkia vizuri." Akacheka, mwanya ukaonekana, halafu cheko likaisha. "Nimesikia kulikuwa na kura. Nimesikia kuna kura moja iliyokataa. Nikajiuliza, huyu mmoja anajua nini?"

Nyamizi alikuwa amekatazwa kwa maandishi kuitaja namba ile. Lakini hakuna karatasi iliyomwambia jinsi ya kumtazama usoni mtu mwenye swali kama hilo.

"Ishirini yakienda," akasema, "saba hayarudi."

Malugu akahesabu vidole, kama mtoto, mkono mmoja na nusu ya wa pili. "Saba ni watu wa timu ukitoa wanne."

"Si ukatae tu?"

"Nikatae? Nimeapishwa kwa gwaride, dada. Bendi ilipiga. Mama yangu ameshavaa ile khanga, kajifunga na kilemba chake, anapita nyumba kwa nyumba anawaambia watu miaka thelathini. Nikisema naogopa kitu kidogo kuliko punje ya mahindi, nitaishi wapi?" Akasimama, akavaa kofia. "Nilitaka kujua tu. Mtu hapendi kudanganywa kuhusu safari yake mwenyewe. Tena ndani kule kuna nafasi ya kutosha, nitanyoosha miguu. Viti vitatu. Viwili vilikuwa vya waandishi wa gazeti la serikali, lakini wote wameomba likizo."

Alipoondoka, Nyamizi alilichukua faili la jicho namba ishirini na moja aandike pingamizi lake, hata kama hakuna atakayelifungua. Akitafuta mahali patupu pa kuandikia, alifanya jambo ambalo halijawahi kufanyika nchini Heriyetu. Aliisoma fomu.

*

Siku ya uzinduzi uwanja ulijaa watu elfu arobaini. Ng'ombe kumi na wawili walikuwa motoni. Jukwaani alikaa Kiongozi wa nchi, aitwaye Baba wa Kutangulia, kwa kuwa alitangulia katika kila jambo: barabarani, mezani na katika picha. Kulia kwake Waziri Chambuso, suti nyeupe. Kushoto Dakta Rweyunga, na nyuma ya Dakta, Bwana Sinani, amevaa tai, tayari kwa dharura. Kapteni Malugu alisimama chini ya roketi ndani ya vazi la fedha, jasho linamtiririka.

Waziri alihutubia saa nzima. "Wenzetu wanapima kwa mashine," alisema, "sisi tumepima kwa umoja! Jicho hili nimelidhamini mimi mwenyewe, kwa mkono wangu huu, kama baba anavyomdhamini mwanawe!" Vigelegele. Kisha Nyamizi akaitwa asaini cheti.

Alipanda ngazi na faili kwapani. Kalamu ya dhahabu ilikuwa imeshafunguliwa. Akaishika, akaitazama, akaisogelea maikrofoni.

"Baba, nitasaini."

Dakta akashusha pumzi. Sinani akalegeza tai.

"Nitasaini sasa hivi, miaka thelathini. Ila utaratibu wa Heriyetu ni utaratibu, na mimi ni mtumishi mdogo, naogopa kuuvunja. Fomu UD/7, kifungu cha sita." Akaifungua. Spika za uwanja zikalirudia kila neno. "'Mdhamini atafuatana na kifaa popote kitakapopelekwa, atalala kitakapolala, wala hatatengana nacho hadi kitakaporejeshwa kikiwa kizima mbele ya mamlaka.' Wadhamini wote wawili wapo. Wamesaini. Viti viwili vipo. Naomba tu wapande, nami nitie saini."

Baba wa Kutangulia akapiga meza kwa furaha.

"Hii ndiyo Heriyetu ninayoitaka! Viongozi wanaokwenda na kazi zao! Chambuso, hukuniambia!" Akamgeukia mpambe. "Waletee mavazi ya fedha. La Rweyunga liwe pana."

Uwanja ukalipuka. Bendi, isiyojua kinachoendelea, ikapiga wimbo wa harusi. Waziri alibaki amekaa, tabasamu likiwa limesahauliwa usoni kama taa ya nje mchana.

"Baba," akasema, mdomo haufunguki vizuri, "mimi nina kikao kesho."

"Kimeahirishwa."

"Nina presha."

"Huko juu hakuna presha," Baba akasema. "Nimeambiwa na Rweyunga."

Dakta Rweyunga naye alikuwa anaitazama roketi, kwanza ncha, halafu tumbo, halafu mahali pale chini ya tumbo palipobandikwa kitu asichoweza kukiona. Midomo ilikuwa inahesabu.

"Baba," hatimaye akasema, "sayansi haitaki haraka. Nadhani, nasema nadhani, kulikuwa na namba nyingine."

"Namba gani tena?"

"Mpimaji anayo. Ni msichana makini sana, nimekuwa nikisema siku zote. Nyamizi, mdogo wangu, isome ile namba. Isome kwa sauti."

Nyamizi akaitoa kadi. "Saba katika ishirini, Baba. Yatakayopofuka kabla ya kutua."

Baba wa Kutangulia akakunja uso. "Saba katika ishirini ndiyo ngapi?"

"Ni chache, Baba," Dakta akajibu kwa mazoea.

"Chache kiasi gani?"

Mpambe alikuwa anapanda ngazi na mavazi mawili ya fedha mkononi, moja pana. Dakta akayaona.

"Ni nyingi, Baba," akasema. "Ni nyingi mno. Mimi binafsi zimenikosesha usingizi."

"Zinatisha," akadakia Waziri. "Nilitaka kulisema katika hotuba, muda ukaniishia."

Baba akatazama uwanja, watu elfu arobaini na ng'ombe waliokwisha kuiva. Akamtazama Malugu kule chini, kijana wa watu, anayejaribu kusimama wima. Sijui alifikiri nini, maana wakubwa hawafikiri kwa sauti. Kisha akaichukua maikrofoni.

"Wananchi! Mataifa mengine yanaruka kwa sababu hayawezi kujizuia. Wanaona mbingu, wanarukia, kama panzi. Nani amewahi kuijenga roketi nzima, akaipaka rangi, akamvalisha rubani, akaalika watu, halafu kwa hiari yake, kwa hekima yake, kwa uhuru wake, AKABAKI? Leo Heriyetu inakuwa nchi ya kwanza duniani kutoruka kwa mpango!"

Shangwe zilizotoka hapo zilisikika hadi nchi jirani, ambako mara moja iliundwa kamati.

Na kwa kuwa ratiba ilikuwa imeshachapwa, wakahesabu. Kumi, tisa, nane, uwanja mzima kwa pamoja, hadi moja. Ilipotajwa moja, Mpasuambingu ikabaki pale pale, kwa dakika ile ile iliyopangwa, bila hitilafu hata kidogo.

Kapteni Malugu akakaa chini kwenye nyasi za duara la kati, akavua kofia ya fedha, akaomba maji.

*

Waziri Chambuso na Dakta Rweyunga walitunukiwa Nishani ya Ujasiri wa Kubaki, daraja la kwanza. Sasa kuna kamati inayotafuta macho mengine, na safari hii yanaulizwa yametengenezwa na nani, jambo ambalo wengi wanaliona la kibunifu. Nyamizi alipata barua ya onyo kwa kusoma fomu ya serikali bila kibali. Aliisaini kuonyesha ameipokea, akaleta wadhamini wawili, akarudi kazini.

Mwaka uliofuata, Siku ya Kutoruka ikaadhimishwa kwa gwaride. Malugu alitangulizwa mbele peke yake, amevaa vazi lile lile la fedha, mzima, amenenepa kidogo, mguu mmoja nje ya mdundo wa bendi. Alipofika mbele ya jukwaa kuu, walipokaa wenye nishani, amri ikatolewa: kulia geuka, piga saluti. Kapteni akageuka kushoto, upande wa wananchi waliosimama juani nyuma ya kamba, akatafuta tafuta kwa macho mpaka akamwona mwanamke mmoja mwenye ufunguo shingoni, akapiga saluti ndefu.

Gazeti la serikali liliandika kesho yake kwamba kapteni alikosea upande kwa sababu ya jua kali.